POSTI YA 4: KABLA HUJANUNUA KOPO LA JIMU

Tangu tuongee kuhusu presha kwa vijana, inboksi yangu imejaa swali moja: "Nesi, nimeanza jimu, ninunue nini?" Wengine mmetuma hadi picha za makopo na bei zake. Leo nawajibu wote kwa pamoja. Ni ndefu kidogo, ila soma hadi mwisho, maana lile la muhimu zaidi liko huko chini.

*1. Anzia jikoni*

Mtu asiyefanya mazoezi anahitaji takribani gramu 0.8 za protini kwa siku kwa kila kilo ya mwili wake. Anayebeba vyuma anahitaji kati ya 1.4 na 2. Tuchukue 1.6. Kama una kilo 65, hiyo ni gramu 104.

Sasa piga hesabu na mimi. Mayai 3, gramu 18. Vikombe 2 vya maharage yaliyopikwa, 30. Glasi 2 za maziwa, 16. Dagaa wakavu gramu 30, kama 18 hivi. Karanga kiganja kimoja, 7. Hapo una 89. Ugali na wali navyo vina protini yake, gramu 15 hazikosi. Umefika, na hujafungua kopo lolote.

Lakini kama asubuhi ni chai na maandazi, mchana chipsi kavu, na usiku unalala saa nane, kopo la laki mbili litakusaidia nini? Misuli inajengwa kwa tizi, chakula na usingizi. Kopo ni la kuziba pengo tu.

*2. Unga wa protini: ukihitaji, sawa*

Huu wa wei sio dawa. Ni maziwa. Ukitengeneza jibini, yale maji yanayobaki yakikaushwa ndiyo unapata unga huo. Unafaa kwa mtu ambaye ratiba yake haimruhusu kula vizuri. Kama maziwa yanakujaza gesi au yanakuharisha, tafuta ule uliochujwa zaidi, unaoandikwa "isolate", maana sukari ya maziwa ndani yake ni kidogo.

Geuza kopo, soma nyuma. Kipimo cha gramu 30 kikiwa na protini 20 hadi 25, hiyo ni protini kweli. Ukikuta kipimo kimoja ni gramu 150 au zaidi na sehemu kubwa ni wanga na sukari, hilo ni kopo la kunenepesha. Kazi hiyo hata uji wa ulezi wenye maziwa na karanga unaifanya, tena kwa bei ya sokoni.

*3. Kreatini: hii ndiyo yenye ushahidi*

Kama una hela ya kitu kimoja tu na chakula chako kiko sawa, chukua hii. Mwili unaitengeneza wenyewe, na unaipata pia kwenye nyama na samaki. Inasaidia misuli kupata nguvu ya haraka, ile ya kunyanyua mara mbili tatu zaidi kabla hujachoka. Nunua ya kawaida, monohaidreti, isiyochanganywa na kitu. Gramu 3 hadi 5 kila siku zinatosha, asubuhi au jioni, haijalishi. Wiki za mwanzo unaweza kuongezeka kilo moja au mbili. Hayo ni maji yanaingia kwenye misuli, usishangae.

Mwenye ugonjwa wa figo asianze bila kuongea na daktari. Mwenye kisukari au presha apime figo kwanza. Mama mjamzito na walio chini ya miaka 18, hapana.

*4. Hivi acha kwanza*

Makopo ya amino: zimo tayari kwenye mayai na maharage yako. Poda za kukupa mzuka kabla ya mazoezi: kinachofanya kazi pale zaidi ni kafeini. Mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku, ukijumlisha chai, kahawa na zile soda za nguvu. Kama moyo unakwenda mbio au una presha, achana nazo kabisa.

*5. Hivi usiguse*

Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa kuhesabiwa, havina pakiti wala jina. Baadhi ni deksamethasoni. Uso unajaa, unaona umenawiri, kumbe sukari na presha vinapanda na misuli yenyewe inaliwa. Kama umeshatumia kwa wiki kadhaa, usiache ghafla. Njoo hospitali upunguziwe taratibu, kwa sababu mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake na unaweza kuzimia.

Na zile sindano za homoni. Kaka, korodani zinasinyaa na mbegu zinapungua, wakati mwingine zinaisha kabisa kwa miezi mingi. Mkichangia sindano, mnachangia pia VVU na homa ya ini.

*6. Tuambie*

Hapa ndipo nilipokuwa nataka kufika. Kuna kijana alikuja kupima, jina namhifadhia. Kreatinini, kile kipimo cha figo, ikatoka juu. Tukamuuliza: unatumia dawa yoyote? Hapana. Akarudishwa mara ya pili, akatoa damu tena, mama yake nje anasali. Siku ya tatu ndiyo akasema: "Kuna ka-unga ka jimu, lakini siyo dawa." Kreatini inaweza kupandisha kipimo kile bila figo kuumia. Akaacha, tukarudia baada ya wiki chache, kikashuka.

Yeye alikuwa na bahati. Mwingine anaficha vidonge vya kunenepesha, na sisi tunamtibu sukari tusiyojua imetoka wapi. Ukiulizwa unatumia nini, taja vyote: unga, kidonge, sindano, dawa ya mitishamba. Hatukuulizi ili tukucheke.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza nunua mayai na ulale mapema. Mwezi wa pili, ukiwa bado unaenda jimu, ndiyo tuongee kreatini. Swali lako weka kwenye komenti, na ile picha ya kopo niletee upande wa nyuma, sio wa mbele.

Posti ya 5: usingizi.