Mgeni wa Taveta asiyeonekana

Wasafiri wengi hufika Taveta Jumatano au Jumamosi, siku za soko, wakanunua ndizi na kurudi Voi. Mimi, mwezi wa Novemba, nilimfuata ndege.

"Mwanangu, utamsikia tu," mzee mwenyeji wangu alinionya tulipochuchumaa kando ya kichaka kilicholowa mvua.

Ni ndege mdogo, rangi ya udongo. Wataalamu humwita Acrocephalus palustris. Huzaliwa Ulaya, akaikimbia baridi, akapita kwetu akielekea kusini mwa Afrika. Usiku wa ukungu, taa za hoteli ya Ngulia, huko Tsavo Magharibi, huwavuta wengi. Tangu 1969 wataalamu huwanasa hapo kwa nyavu, wakawavisha pete mguuni na kuwaachilia.

Mara nikasikia shore, kisha mbayuwayu, wote kichaka kimoja. Kumbe ni yeye! Huziiga sauti za ndege wetu, akaenda kuziimba Ulaya.

Saa mbili nzima, siafu wakinipanda. Mwishowe jani likatikisika, mkia ukapita. Basi.

"Umebahatika," akasema mzee. "Kijana wangu anataka kukifyeka kichaka hiki apande vitunguu."

"Nawe wasemaje, mzee?"

"Nimemwambia angoje mgeni aondoke."