Gharama: Sifuri

Kosa langu lilikuwa la kalamu. Kwenye rasimu ya bajeti ya shule, mbele ya mradi wa wanafunzi wa kuhudumia kijiji, niliandika sifuri. Hakuna aliyenilazimisha.

Nilikuwa mwalimu wa Elimu ya Kujitegemea katika sekondari ya kata, kando ya Ziwa Victoria. Wanafunzi wa kidato cha tatu walisoma kichocho darasani, wakataka kujua kwa nini watoto wa kijiji hupewa dawa na bado wanaugua tena. Walipanga kupita kaya kwa kaya wakiuliza watu wanachota maji wapi, wanaoga wapi, wana vyoo au hawana, kisha wachore ramani na kuipeleka serikali ya kijiji. Waliomba karatasi za hojaji, buti chache za mpira, na nauli ya bwana afya aje kuwaelekeza kwanza.

Chini ya elimu bila ada iliyoanza mwaka 2016, ruzuku ya shule ilipangwa kuwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, vitabu vikiwa humohumo. Nikajiona mlinzi wa hazina. Hoja niliipata kwa Nyerere: waraka wake wa 1967 kuhusu Elimu ya Kujitegemea unataka shule ichangie gharama zake. Niliruka pale anaposisitiza wanafunzi washiriki kuamua kazi yao na kujifunza kutokana nayo. Nilimsoma Mwalimu kwa jicho la mhasibu.

Nikawapa mafyekeo, wakafyeke nyasi za zahanati. Nguvu zao ni bure, nilisema.

Nesi alitoka nje, akatutazama, akauliza, "Mwalimu, hawa wamekosa nini?"

Nilicheka. Wanafunzi hawakucheka. Shuleni kwetu fyekeo lilikuwa la wachelewaji na wapiga kelele, na nesi alielewa sawasawa alichokiona. Nilitaka kumweleza kwamba haya ni mafunzo, nikakosa cha kumwonyesha: hawakuuliza swali, hawakuandika kitu, na jioni wasingejua lolote ambalo hawakulijua asubuhi. Waliomba karatasi, nikawapa adhabu.

Nililijua hilo palepale. Hata hivyo, ripoti yangu kwa bodi ilisema: mradi wa jamii umekamilika, gharama sifuri. Nilisifiwa, na sifa nilizipokea.

Kijiji hakikupata ramani. Wanafunzi wale walimaliza kidato cha nne bila kuniletea wazo jingine. Nilipokuja kuomba fungu la mradi kama ule, mjumbe mmoja wa bodi alifungua faili akanisomea ripoti yangu mwenyewe. Sikuwa na jibu.

Nawe siku moja utashika kalamu hiyo, na kukata fungu la watoto kutaonekana busara kwa sababu watoto hawalalamiki. Siku hizi naandika kiasi kamili, hata nikijua kitakatwa. Wakikikata, angalau wamekata wao.