Kodi ni ngazi, si shimo

Leo nataka tuongee kodi, kwa sababu hapa Salama, kando ya barabara ya Mombasa, nimemwandikia mfanyabiashara mmoja programu ya mishahara, na karani wake akanishangaza. Alipewa nyongeza kutoka shilingi 32,000 hadi 35,000 akasita. "Nikivuka 32,333 nitakatwa asilimia 30, si afadhali nibaki hapa?"

La hasha! Kodi hukatwa kwa ngazi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliziweka hivi kwa mwezi: 24,000 za kwanza asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, kisha asilimia 30 hadi 500,000, asilimia 32.5 hadi 800,000, na zaidi ya hapo asilimia 35. Kila asilimia hugusa shilingi za ngazi yake tu. Mwishoni unaondoa nafuu ya 2,400.

Nilimwonyesha kwenye skrini. Kwa viwango hivyo, tukiweka kando makato mengine, kodi yake inapanda kutoka 2,000.00 hadi 2,883.35. Katika nyongeza ya 3,000 anabaki na 2,116.65. Akaichukua.

Lakini nilipokuwa naandika mistari ile niliona jambo jingine. Shilingi ya mwisho ya karani wa 35,000 inakatwa asilimia 30, sawa kabisa na ya meneja wa 499,000. Ngazi ni kali chini, halafu ni tambarare ndefu.

Wengi hulalamika kwamba asilimia 35 itawavunja moyo wachapakazi. Haya, tupige hesabu: mwenye 900,000 aliongezewa 12,500 tu kuliko kama asilimia 30 ingeendelea hadi juu.

Tena, tajiri mkubwa mara nyingi haishi kwa mshahara. Gawio la hisa kwa mkazi hukatwa asilimia 5, ingawa ni kweli kampuni yenyewe imeshalipa kodi yake. Faida ya kuuza kiwanja, tangu Januari 2023, ni asilimia 15. Milango hiyo haina ngazi: milioni moja au milioni mia, kiwango ni kimoja.

Kwa hiyo tukibishana kuhusu kuwatoza matajiri, tusitazame ngazi ya juu ya mshahara peke yake. Tuulize pia pesa zao zinapitia mlango gani. Nyie mwasemaje?