Mabwawa Mawili

Mtu wa kisiwani humjua samaki kwa kitenzi kimoja: kuvua. Bahari ndiyo imleayo, imlishayo na imfichayo. Mvuvi humwendea kwa dema, mshipi au jarife, na akirudi mtupu husema riziki yake haikuwa ya siku ile. Kufuga ni neno la mbuzi na kuku. Hata mwani ulipoanza kulimwa kibiashara Zanzibar, mwaka 1989, lugha iliuazimia maneno ya shamba, si ya zizi.

Kerende, katika nchi ya Wakurya huko Tarime, mkoani Mara, mambo ni kinyume. Kufuga ndicho kitenzi cha wazee, na ng'ombe ndiye mahari na heshima. Samaki akiletwa huko awekwe bwawani, huja kama mgeni anayeingia katika kazi ambayo mwenyeji anaijua tangu utoto: kulisha, kuchunga, kungoja.

Kazi yenyewe huanza na udongo. Huchimbwa shimo dogo, likajazwa maji jioni, likatazamwa asubuhi. Maji yakiwa yamekwenda, mahali hapo si pa bwawa. Yakiwa yamebaki, mfinyanzi upo. Bwawa huchimbwa lenye kina cha mita moja hadi moja na nusu, likatiwa chokaa, kisha samadi. Hapo ng'ombe humlisha samaki, kwani samadi huotesha vijimea vidogo mno vinavyoyafanya maji yawe ya kijani. Mfugaji hutumbukiza mkono: kiganja kikimpotea machoni pale maji yanapofika kwenye kiwiko, hujua kuwa chakula kipo. Juu ya hicho huongeza pumba, mashudu na dagaa waliosagwa.

Samaki afaaye ni sato. Jike lake huyatia mayai kinywani na kuyaatamia humo. Vitoto vikishaanguliwa hutoka kutembea, na vikihisi hatari hurudi kinywani mwa mama. Maumbile hayo ni ya ajabu, lakini kwa mfugaji ni adha: bwawa hujaa watoto wanaogombea chakula, wote wakadumaa. Ndiyo sababu hupendelewa vifaranga wa kiume watupu, wawili au watatu kwa kila mita ya mraba. Sato hustawi katika joto la nyuzi 26 hadi 30, na akitunzwa vyema huweza kuvuliwa baada ya miezi sita hadi minane. Alfajiri samaki wakionekana wametoa midomo juu ya maji, hewa imewapungukia, na maji mapya yahitajika upesi.

Maji mapya kutoka wapi? Hapo ndipo penye uzito wa Kerende. Kijiji hiki ni jirani wa mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, na mgodi nao una mabwawa yake. Kiswahili hakikuyatenga: la sato ni bwawa, na la mabaki ya dhahabu ni bwawa. Yote mawili husimama kwa sharti moja, kwamba yasivuje. Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja mgodini yakaingia Mto Tigithe, ambao humwaga maji yake katika Mto Mara uendao Ziwa Viktoria. Wakazi walilalamikia vidonda vya ngozi na vifo vya mifugo. Wenye mgodi walisema plastiki ya kuzuia maji ilikuwa imeibwa. Mwaka 2019 Serikali ilisimamisha kwa muda matumizi ya bwawa la mabaki la mgodi huo kwa sababu ya uvujaji.

Bwawa la samaki likivuja, hasara ni ya aliyelichimba. Bwawa la pili likivuja, hasara humfikia ambaye hakuchimba kitu. Basi mtu wa Kerende atakaye kufuga hana budi kuanza kabla ya hapo wengine wanapoanzia. Mkono uliotumbukizwa hadi kiwiko humwonyesha ukijani wa maji. Haumwonyeshi asidi wala metali nzito. Hayo hupimwa maabara, tena si mara moja, na majibu yake yapaswa kusomwa hadharani, kwa lugha anayoielewa, kabla kifaranga wa kwanza hajatiwa majini.