Chambo cha Chuma

Nyumbani kwetu Newala maji hupimwa kwa kijiti. Baba ana ufito wa mwanzi wenye alama za kisu, na kila asubuhi huutumbukiza kwenye kisima cha kuvunia maji ya mvua nyuma ya nyumba, huutoa, huutazama, kisha hutangaza: leo hakuna kufua, au leo mnaweza kuoga. Ardhi ya juu huku Umakondeni ni mchanga. Mvua ikinyesha, maji huzama, na hakuna mto wala kijito kinachobaki. Tangu miaka ya 1950 kuna mradi wa kusukuma maji kwa pampu kutoka mabondeni, lakini pampu ikilala, tunanunua kwa ndoo.

Ila mto tuliuona. Ukisimama pale Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu yako, na mbali kule chini Ruvuma inang'aa kama uzi. Ng'ambo yake ni Msumbiji. Nilikua nikiutazama mto ambao sikuwahi kuugusa.

Aliyeugusa ni kaka yangu. Alinizidi miaka minne. Shule zikifungwa alishuka bondeni kwa mjomba, akakaa wiki mbili tatu, akarudi na kambare waliokaushwa kwa moshi na hadithi nyingi. Mimi, kwa kuwa ni msichana na ni mdogo, sikuruhusiwa kushuka naye. Basi akanifundisha kuvua palepale nyumbani, kwenye vumbi, chini ya mkorosho. Alifunga uzi kwenye kidole changu cha shahada, akazunguka nyuma ya shina na ncha ya pili, akaniambia nifumbe macho. Akidonoa kidogo, nisifanye kitu. Akidonoa tena, nitulie. Akivuta kwa nguvu, ndipo nami nivute.

"Wewe tulia tu," alikuwa akisema kutoka nyuma ya mti. "Mwenye njaa ni yeye."

Machi 2009 Ruvuma ilimchukua. Nilikuwa kidato cha pili, nakaa bweni Masasi. Ndugu aliyekuja kunichukua hakusema kitu mpaka tulipoyaacha majabali ya Masasi nyuma yetu na gari likaanza kupanda kuelekea Newala. Wengine walisema ni mamba, wengine walisema ni nguvu ya maji tu. Mwili ulipatikana siku ya tatu, na katika nyumba yetu ni Baba peke yake aliyeuona. Siku ya arobaini, wageni walipoondoka, alikusanya mishipi yote, ndoano na machubwi, akavitupa kwenye shimo la choo. Tangu hapo samaki wa nyumbani kwetu akawa dagaa wa dukani, na neno Ruvuma halikutajwa mbele yake.

Miaka kumi baadaye nilipata kazi Mufindi, kwenye maabara ya kiwanda cha chai. Kutoka Newala unashuka Masasi, unapita Tunduru, Songea, Njombe, Makambako, mpaka Mafinga, halafu unatafuta gari la kukuingiza kwenye mashamba. Nilifika nikiwa nimevimba miguu. Kilichonishangaza si baridi, ni maji. Kila bonde lina kijito. Yanatiririka usiku kucha, hayana mwenyewe, hakuna anayeyapima. Wiki ya kwanza nilifunga bomba la jirani mara tatu.

Chini ya nyumba za wafanyakazi kulikuwa na bwawa, na juu yake kijito kilichotoka msituni. Mlinzi wake alikuwa mzee wa Kihehe mwenye koti la mvua lililofika magotini. Nilijifunza kumwambia "kamwene" kabla sijajifunza jina la msimamizi wangu. Jumamosi moja akaniuliza kama navua.

"Kwetu hakuna mto, Babu," nikamjibu. Ndilo jibu nililowapa wote. Lilikuwa kweli, na lilinisaidia kuficha mengine.

Alinionyesha samaki wake. Trauti si wa kwetu. Yule wa upinde wa mvua, anayeitwa hivyo kwa mstari wa waridi ubavuni, asili yake ni mito inayomwaga maji kwenye Bahari ya Pasifiki. Afrika Mashariki samaki wa jamii hii waliletwa na Waingereza waliotaka kuvua kama walivyovua kwao. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Scotland, yakapandikizwa mto Gura kwenye milima ya Aberdare, Kenya. Baadaye vijito vingine vya nyanda za juu, hata huku kwetu, vilipata wageni hao. Wanahitaji maji ya baridi yenye hewa nyingi. Maji yakipita nyuzijoto 20 wanaanza kuhangaika, na yakikaribia 25 wengi hufa. Ruvuma ingewaua kwa siku moja.

Lakini wa pale walikuwa na shida ya ziada. Walikulia kwenye matangi ya zege wakitupiwa punje kwa mkono, kisha wakaachiwa kijitoni. Siku za mwanzo, Babu alisema, wanakifuata kivuli cha mtu wakidhani ni chakula. Wachache wakishavuliwa, waliobaki wanashika somo na kivuli kinakuwa adui. Wakati huohuo hawajawa wawindaji hodari. Kwa hiyo wanajikusanya kwenye vidimbwi vya maji ya pole na kutazama kila kinachopita. Wanatazama tu.

Na pale chambo halisi kilikatazwa. Samaki akimeza mnyoo, ndoano hufika tumboni, na mdogo aliyestahili kurudishwa majini hufa. Ilikuwa chambo bandia tu. Babu aliniazima fimbo fupi yenye rili na kisahani cha shaba kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kilizunguka kwenye kipande cha waya, na nyuma yake palikuwa na ndoano ya makucha matatu. Nilikishika nikacheka. Nani ale hiki?

Jumamosi saba hakuna aliyekila. Nilijifunza kutembea kwa kunyata na kupiga magoti nyuma ya majani, kwa sababu samaki hutazama juu kuliko tunavyodhani. Nilijifunza kurusha kuelekea mkondo unakotoka, ili kisahani kiwajie kama kinavyokuja chakula chochote. Jua likiwaka nilitumia shaba iliyofifia, mawingu yakitanda nilitumia cha fedha. Nikawa naona vivuli vikikifuata kisahani changu, hatua moja, mbili, kisha vinageuka kwa adabu na kurudi vilikotoka. Hilo liliuma kuliko kutoona kitu.

Jumamosi ya saba Babu alikaa kwenye gogo, akaacha kutazama maji, akatazama mkono wangu.

"Kwa nini unasimama?"

"Namsubiri adonoe."

"Adonoe nini? Hicho ni chuma. Hakina harufu, hakina nyama. Kikisimama ni takataka."

Nikamweleza kwamba samaki akikaribia lazima umpe nafasi, mwenye njaa ni yeye. Nilisikia maneno yakitoka mdomoni mwangu na nikajua sauti ilikuwa ya nani.

"Huyu hana njaa," Babu akasema. "Huyu anakuja kuangalia. Ukimpa muda wa kuangalia, ataona ni chuma. Akikaribia, kimbia. Kitu kinachokimbia hata aliyeshiba hukirukia."

Nililala nikiwaza. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimehifadhi kitu kimoja cha kaka yangu ambacho Baba hakukitupa chooni, kile kidole kinachotulia. Na hicho ndicho kilichokuwa kinaninyima samaki. Kaka hakukosea. Alivua kambare kwa mnyoo, kwenye maji ya matope, na kambare hutafuta kwa kunusa na kupapasa. Mimi nilikuwa kwenye maji maangavu, mbele ya samaki mwenye macho, na chambo kisicho na harufu.

Jumamosi iliyofuata nilingoja mpaka saa tatu asubuhi, jua lilipogusa maji na samaki wakaanza kuchangamka. Nilirusha juu ya kidimbwi, nikaanza kukunja mshipi kabla kisahani hakijafika chini. Nilihisi kikitetemeka kwenye fimbo, dalili kwamba kinazunguka. Kivuli kikatoka chini ya jiwe na kukifuata, karibu, karibu zaidi. Kidole changu kilitaka kusimama. Mwili mzima ulitaka kusimama. Nikaongeza mwendo.

Alikipiga kwa hasira. Fimbo ilipinda, mshipi ukakata maji, na baada ya dakika mbili tatu alikuwa kwenye nyasi, urefu wa kiganja mpaka kiwiko, na ule mstari wa waridi ukimeta. Nilijikuta nasema "samahani." Babu alidhani namwambia samaki.

Oktoba, msimu wa korosho, nilikwenda nyumbani. Nilibeba trauti wanne waliokaushwa kwa moshi, wamefungwa kwenye magazeti, na kisahani cha shaba kwenye pochi. Nilimwamkia Baba, nikakaa, nikafungua magazeti. Alitazama muda mrefu.

"Hawa wa wapi?"

"Mufindi, Baba. Nimewavua mwenyewe."

Mama aliacha kupepeta. Baba akamchukua samaki mmoja, akamgeuza, akamnusa.

"Maji yake yana mamba?"

"Hayana. Ni baridi, na kijito ni cha kuruka."

"Yana kina?"

"Kiunoni, Baba. Pengine kifuani."

Nikampa kisahani. Alikiweka kiganjani, akakisukuma kwa kidole kikazunguka, mwanga ukacheza ukutani. "Hiki hata kuku hakidonoi," akasema, na Mama akacheka kwanza. Kisha Baba akalitaja jina la kaka yangu. Alisema yeye angekataa kukitumia, alikuwa mbishi, angesema ni udanganyifu. Alisema hivyo kama mtu anayemzungumzia kijana aliyetoka kidogo dukani.

Usiku tulikula wale samaki kwa ugali wa muhogo. Baba alichukua kichwa, kama zamani. Asubuhi nilimkuta kisimani akiutazama ufito wake wa mwanzi.

"Ukirudi huko," akasema bila kugeuka, "usiende majini peke yako."

"Sawa, Baba."

Akauinua ufito nione alama. Siku hiyo tuliweza kuoga.