Karo Ninayotuma Mweiga

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Mweiga, kwetu Nyeri, ingali gizani na ukungu wa Aberdare umelala barabarani. Mpwa wangu wa miaka saba amesimama kando ya barabara ya Nyahururu, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi, anasubiri basi la manjano la akademi. Shule ya umma tuliyosoma mimi na mama yake iko mwendo wa dakika tano kutoka hapo. Basi huipita kila asubuhi.

Karo ya akademi hiyo naituma mimi, kutoka Reading, Uingereza. Wanangu wawili huku wanasoma shule ya serikali na sijawahi kuwaza kuwahamisha. Jambo hili limenikaa rohoni tangu likizo ya Desemba: mbona naiamini shule ya umma ya ugenini, ya kwetu nisiiamini?

Huku mzazi wa mtoto anayeanza shule hupeleka ombi kwa halmashauri kufikia Januari 15, akitaja shule anazozitaka kwa mpangilio, na majibu hutoka Aprili 16. Shule ikijaa, mara nyingi nafasi humwendea anayeishi karibu. Pesa basi nazo hupenya, ila kupitia kodi ya nyumba. Sisi tulibanana vyumba viwili miaka minne ili tuwe karibu na shule nzuri. Lakini watoto walio katika shule za kulipia ni kama 7 tu kwa kila 100, kwa hiyo kwenye mkutano wa wazazi nakaa katikati ya daktari na dereva wa basi. Choo kikiharibika, daktari anapiga kelele, na mwanangu anafaidi.

Mweiga, wengi wenye sauti hiyo wameshaondoka. Rais Kibaki, mtu wa Othaya, alipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, watoto walifurika na walimu hawakutosha. Mwenye mshahara akawahamisha wanawe. Mwenye shamba la viazi akafuata alipopata msimu mzuri. Waliobaki huchangishwa hadi leo: chakula cha mchana, na mwalimu wa BOM, yaani aliyeajiriwa na bodi ya shule, ambaye tume ya walimu ya serikali, TSC, haimlipi.

Simlaumu mdogo wangu. Mtoto wake wa kwanza alianzia shule yetu ya zamani. Walikaa wanne kwenye dawati moja, na daftari zilimaliza wiki bila kusahihishwa. Nilipomuuliza kwa simu kama hatungeweza kupigania pale pale, alinijibu, "Dada, mtoto hasubiri shule itengenezwe. Anakua." Nilinyamaza.

Hata hivyo, Wakikuyu wa kizazi cha babu zetu, walipotengana na wamishonari, walijenga shule huru kwa mikono na michango yao katika miaka ya 1930, Nyeri ikiwemo, hadi serikali ya kikoloni ilipozifunga wakati wa hali ya hatari ya 1952. Hawakuwa na pesa kutushinda. Walichangia shule moja, ya mtoto wa jirani pia.

Januari nilituma pesa mara mbili: karo ya mpwa wangu, kisha mchango wa mwalimu wa BOM katika shule yetu ya zamani. Huo wa pili haukufika hata nauli ya basi ya mpwa wangu ya muhula mmoja.