Matembezi na Chakula Kusini mwa Ziwa

Msafiri atokaye Kisumu kwa njia kuu iendayo Tanzania aghalabu huupita mji wa Migori kwa haraka, mawazo yake yote yakiwa mpakani Isebania. Ni hasara yake. Yule aiachaye njia hiyo pale Rongo na kushika njia ya magharibi hufika Homa Bay, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria, na huko atapata mengi ya kutazama na ya kula.

Nyuma ya mji kimesimama kilima cha Asego, chenye kilele kilichochongoka. Yafaa kukipanda alfajiri, kwa maana jua la ziwani likikaza halina huruma. Kutoka juu Ghuba ya Winam huonekana kama uwanja wa fedha, na mitumbwi kama vijiti. Mgeni asishawishike kuoga penye matete: huko pana konokono waletao kichocho, na viboko nao hupenda mahali papo hapo.

Magharibi, katika bonde la Lambwe, liko hifadhi ya Ruma, yenye eneo la kilomita za mraba 120. Ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1966, ikafanywa mbuga ya taifa mwaka 1983. Humo huishi korongo, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, ambaye porini Kenya hapatikani tena mahali pengine popote. Mbung'o wa bonde hilo ni adui wa kale. Aingiaye avae nguo za rangi hafifu, maana wadudu hao huvutwa na buluu na nyeusi. Mbele zaidi ni Mbita, na daraja la kuvukia kisiwa cha Rusinga, ambako mwaka 1948 Mary Leakey aligundua fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani wa kale sana. Kisiwani humo ndimo alimozikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969.

Upande wa Migori, fahari ya wilaya za kusini ni Thimlich Ohinga. Ni maboma ya mawe makavu, yaliyopangwa pasipo udongo wala saruji tangu karne ya 16, na kuta zake zafikia mita 4 na zaidi katika baadhi ya mahali. Milango ni mifupi: aingiaye hana budi kuinama, na adui aliyeinama si hodari wa vita. Mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Barabara ya kufika huko ni ndefu na ya vumbi. Heri kuchukua maji ya kutosha.

Karibu na Kendu Bay, mashariki ya Homa Bay, kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima, lenye maji ya magadi, ambalo flamingo hulijia. Wazee husimulia kwamba hapo palikuwa kijiji. Usiku mmoja wa sherehe alikuja bibi kizee, akaomba chakula na mahali pa kulala, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu alimkaribisha. Maji yakapanda yakakimeza kijiji. Labda ndiyo sababu katika nchi hiyo mgeni haachwi na njaa.

Chakula chenyewe ni kuon, yaani ugali, na ulio bora ni ule wa mtama, mwekundu na mzito. Huliwa kwa mkono pamoja na ngege aliyechemshwa kwa nyanya na kitunguu, au kwa osuga, mboga chungu ipikwayo na maziwa hata uchungu wake ukapungua. Mbuta, samaki mkubwa aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, ana nyama nyingi. Lakini minofu yake husafirishwa ng'ambo, na maskini wa ufukoni hununua mgongowazi, yaani kichwa na mifupa iliyobaki. Mgeni aulize samaki wake ametoka wapi. Siku hizi ngege wengine hufika wamegandishwa kutoka Uchina, na wengine hufugwa katika vizimba majini. Mpishi mwaminifu hatachukia kuulizwa, na shilingi ilipwayo kwa samaki wa ziwani humfikia mvuvi.

Omena huvuliwa usiku usio na mwezi, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Asubuhi huanikwa juu ya nyavu kuukuu, na ufuko wote hung'aa. Lakini kila mwaka uvuvi wao hufungwa kwa muda wa miezi minne kuanzia Aprili ili wapate kuzaana, na ajaye wakati huo ataona taa chache sana ziwani.